Mume wa Mhojiwa Namba Arobaini na Moja

Jamani, kuna aibu ya kuteleza kwenye matope ukiwa umevaa suti, hiyo unajifuta, unacheka na watu na maisha yanaendelea, halafu kuna aibu ambayo ukiikumbuka uko peke yako bafuni unajikuta umeguna kwa sauti mpaka jirani anagonga ukuta kuuliza kuna nini. Yangu ni hiyo ya pili. Nimeificha muda mrefu, lakini ukumbi ulikuwa umejaa siku ile na wengi waliokuwemo ni watafiti (watu ambao kazi yao ni kuandika kila wanachokiona), kwa hiyo nimeona heri niisimulie mwenyewe kabla sijaikuta imeandikwa kwenye jarida.

Naitwa Festo. Nafundisha takwimu kwenye chuo kimoja pale Mbeya, ila nyumbani ni Idodi, njia ya kwenda mbugani, na aliyenilea ni bibi yangu mzaa baba. Jina Festo ni la babu. Yeye alifariki kabla sijazaliwa, nami nilipokuja nikapewa jina lake, na kwa kuwa nimebeba jina la mumewe, bibi hakuwahi hata siku moja kuniita mjukuu. Mimi nilikuwa mume wake. Utani wa bibi na mjukuu mnaujua, lakini bibi yangu aliufanyia kazi hasa: nikiwa na miaka sita ananitambulisha sokoni, "huyu ndiye bwana wangu, mtanipunguzia bei mbele yake?", na mimi na kaptula yangu iliyotoboka nakunja uso kama mwenye nyumba. Nikikataa kula ananiambia ataolewa kwingine. Nami namjibu, kwa sababu utani ni wa kujibiwa, usipojibu umemkataa mwenzako: "Mke wangu, na huko kwingine nani atakuchotea maji?" Basi tunacheka jikoni wawili, moshi unatuingia machoni.

Nilipofika kidato cha pili akakutwa na presha. Kituo cha afya walimpa vidonge vya aina tatu, na kwa kuwa hajui kusoma, mimi ndiye niliyekuwa nampangia kwenye kisahani kila asubuhi kabla ya kwenda shule, hiki cha asubuhi, hiki nusu, hiki cha jioni, na jioni nikirudi nahesabu vilivyobaki. Wenzangu wakiulizwa walianzaje kupenda hisabati wanataja walimu. Mimi huwa nataja mwalimu pia, naona aibu kusema ni kisahani.

Sasa mkasa. Profesa wetu alipata mradi wa kuchunguza kwa nini wazee wakishaanza dawa za presha wanaziacha njiani, na akakusanya timu ya kila aina: daktari mmoja, mtu wa elimu, wahoji, na mimi wa namba. Tulitakiwa kwenda Mbalizi, Ruaha Mbuyuni na Idodi. Profesa alipogawa vijiji akanipa Idodi, akasema si ndiko kwenu, Kihehe unakijua.

Niseme ukweli. Nilikuwa sijakanyaga nyumbani miaka mitatu. Siku ninaondoka nilimwambia bibi nitarudi nikiwa daktari (siyo wa sindano, wa vyeti), akapiga vigelegele pale uani, na mwaka wa kwanza nilimpigia simu kila Jumapili, wa pili nikawa naruka Jumapili moja moja, wa tatu nikabadilisha laini na kujiambia nitampa namba mpya nikipata nafasi. Uzamivu wenyewe nilikuwa bado hata kuuanza. Kadiri siku zilivyozidi ndivyo kurudi kulivyozidi kuwa kugumu, maana ukichelewa siku moja unaomba radhi, ukichelewa miaka mitatu unaanzia wapi? Na siyo kwamba sikumkumbuka. Nilimkumbuka mno. Nilikuwa nikisikia mama mtu mzima anakohoa kwenye foleni benki pale Mbeya nageuka.

Basi nikamfuata Nasreen, mhoji mwenzetu, nikamwomba tubadilishane: yeye aende Idodi, mimi nichukue Mbalizi, karibu na ninapoishi. Nikamdanganya kwamba mgongo hautaki safari ndefu. Nasreen ni wa Iringa mjini, baba yake ana duka la vitambaa, ukoo wao walikuja kutoka Bara Hindi enzi za babu zake, na Kihehe anakizungumza kuliko mimi kwa sababu amekulia nyuma ya kaunta akiwauzia vitenge akina mama wa vijijini. Akakubali.

Ila kulikuwa na karatasi. Kila mmoja wa timu alitakiwa asaini kwamba hana ndugu kati ya watakaohojiwa, ili mtu asije akapendelea watu wake. Nilitakiwa niseme pale pale, "nina bibi Idodi, jina lake hili, mrukeni," maneno yasiyozidi saba. Lakini ningesema, Profesa angeuliza yukoje, nilimwona lini mara ya mwisho. Nikapiga hesabu ya haraka kichwani: wazee wa Idodi wenye presha ni wengi, watakaochaguliwa ni wachache, uwezekano wa kura kumwangukia bibi yangu ni mdogo sana. Nikasaini. (Wanafunzi wangu, kama mnasikia hapa, uwezekano mdogo siyo sawa na haiwezekani. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha hivyo.)

Kabla wahoji hawajaondoka niliwapa semina, nikawaambia kwa kidole juu: andikeni kile anachosema mhojiwa, msiongeze, msipunguze, ninyi siyo wakalimani wa mioyo ya watu.

Taarifa zikaja zikiwa hazina majina, namba tu, nikajifungia nazo ofisini wiki nzima. Na ndipo nikakutana na mhojiwa namba arobaini na moja. Mwanamke, umri wake ni wa bibi kabisa, hali ya ndoa: ameolewa. Umri wa mume: thelathini na moja. Anaishi wapi: Mbeya, yuko masomoni. Nani anakukumbusha kumeza dawa: mume wangu. Kwa njia gani: simu. Mara ngapi: kila Jumapili, hajawahi kukosa.

Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Yaani bibi kizee ana kijana wa miaka thelathini na moja chuoni, na kijana mwenyewe mwaminifu hivyo! Mimi nina miaka thelathini na moja, nilikuwa Mbeya, na kwa bibi yangu nilikuwa masomoni, na kichwa hiki kinachofundisha watu kuunganisha taarifa hakikuunganisha chochote. Au kiliunganisha na mimi ndiye niliyekataa kusikia, sijui, hilo nimejiuliza sana. Chini ya dodoso palikuwa na nafasi ya maelezo ya mhoji. Sikuifungua. Mtu wa namba hasomi maelezo.

Badala yake nikaitengenezea slaidi yake. Tulikuwa na kongamano Iringa mjini, watu wa fani zote, wa hisabati, wa magonjwa, wa elimu, na mimi nilipangiwa baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hata anayekupenda anasinzia. Nikaona huyu arobaini na moja ndiye wa kuwaamsha. Nikaandika majibu yake kwa herufi kubwa, nikaweka alama ya kuuliza nyekundu yenye ukubwa wa mlango.

Ambacho sikujua (basi langu lilichelewa kutoka Mbeya, nikaingia ukumbini nakimbia na kufungiwa kipaza sauti kwenye kola nikiwa bado natweta) ni kwamba Profesa alimwagiza Nasreen alete baadhi ya waliohojiwa, waje kusikia wenyewe matokeo. Walikuwa wamekaa nyuma kabisa, wazee watano kutoka Idodi, kila mmoja amevalishwa kadi shingoni yenye namba badala ya jina, ili kutunza siri zao. Taa zilikuwa zimezimwa, mwanga wa projekta unanipiga machoni, mimi naona vichwa tu.

Nikaanza vizuri. Nikafika kwenye slaidi yangu.

"Ndugu zangu," nikasema, "wanaume wenzangu mmelala. Huko vijijini kuna bibi, namba arobaini na moja, ana mume wa miaka thelathini na moja, na anampigia simu kila Jumapili. Ama huyu bibi ana dawa nyingine ambayo sisi hatujaitafiti, ama taarifa hizi zinatudanganya."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata Profesa, ambaye hucheka kwa kibali, alitikisika mabega. Mimi nikasimama pale nimejaa kama pishi, nasubiri kipungue.

Kilipopungua nikasikia sauti kutoka nyuma, ya taratibu, yenye kukwaruza kidogo, ikinisalimu kwa Kihehe, "Kamwene."

Miguu ilitambua kabla ya kichwa. Mtu akawasha taa. Amesimama pale, mdogo kuliko nilivyomwacha, sweta juu ya khanga, kadi kifuani imeandikwa 41, na macho yake yanatafuta mbele kwa sababu nadhani hayaoni vizuri tena, sauti yangu ndiyo iliyomwongoza. Alikuwa anatabasamu. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo, alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekuta kitu alichodhani kimepotea.

"Samahani baba zangu," akasema, "mimi ndiye huyo arobaini na moja. Na huyo mume mnayemcheka ndiye huyo anayewaonyesha picha. Bwana, umekonda, huko Mbeya wanakupikia nini?"

Jamani, ukumbi ulivunjika. Watu walipiga meza, kuna mama mmoja wa elimu alitoka nje kabisa kwenda kucheka. Na jibu langu lilikuwepo, lilikuwa mdomoni, majibu kama hayo nayatoa tangu nina miaka sita: mke wangu, nimekonda kwa kukukosa. Ningelisema hilo tu, na kicheko kingetubeba sisi wote wawili, na watu wangejua ni bibi na mjukuu wake, na mambo yangekwisha kwa makofi.

Lakini Profesa alikuwa amegeuka ananitazama, hacheki tena. "Festo," akaniuliza, "mna undugu na huyu mama?"

Nikaiona ile karatasi na saini yangu. Nikauona uzamivu, maana barua ya kuniombea nafasi alikuwa aiandike yeye mwezi ule. Nikasikia kwenye spika zote nne mate yangu mwenyewe yakimezwa.

"Hapana, Profesa," nikasema. "Ni utani tu wa wazee. Mama huyu ni mjane, hana mume. Ni kosa la taarifa, nitamfuta kwenye hesabu."

Nilisema hivyo. Mbele ya watu, kwa kipaza sauti, kwa ile sauti yangu ya kufundishia.

Mzee mmoja aliyekaa pembeni ya bibi, aliyekuwa mwalimu wetu wa kwaya usharikani, akaanza kunyanyuka na fimbo yake, mdomo umefunguka, na kila mtu ukumbini akaona kwamba anachotaka kusema ni jina la baba yangu. Bibi akamvuta koti.

"Kaa," akamwambia. Halafu akageuka tena mbele, tabasamu limekwisha. "Nisamehe, mwalimu. Macho yamechoka. Nilikufananisha."

Akakaa. Ukumbi mzima ulishaelewa, hakuna aliyedanganyika hata mmoja, hata wale wageni waliokuwa wanatafsiriwa walielewa. Nami nikaendelea na slaidi. Ndiyo, niliendelea, kama dakika kumi hivi, naonyesha grafu, na mpaka leo sijui nilisema nini.

Nilipotoka gari la kuwarudisha wazee lilikuwa limeshaondoka. Nasreen alikuwa amesimama kibarazani na kishikwambi chake, hakunitukana, angenitukana ningepumua. Alinifungulia ile sehemu ya maelezo ya mhoji ambayo sikuisoma. Aliandika: "Anayemzungumzia ni mjukuu wake. Nadhani simu hazipigwi, niliona simu yake haina chaji wala hana habari. Dawa anameza akikumbuka. Anamsubiri sana."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuweka jibu sahihi kwenye dodoso.

"Ulisema tuandike anachosema," akanijibu. "Na dodoso lako halikuwa na sehemu ya kumkumbuka mtu."

Asubuhi yake nilikwenda kwa Profesa nikamweleza yote. Alisikiliza, akasema mhojiwa ataondolewa na mahesabu nitayarudia yote upya, na kuhusu barua ya uzamivu tutazungumza mwakani. Sikumbembeleza. Nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikanunua nguo ya kuomba radhi (khanga, niliinunua dukani kwa kina Nasreen, baba yake akanikatia bila kuongea nami sana, bila shaka alishasimuliwa), nikapanda gari la Idodi.

Nilimkuta uani anapepeta mchele. Niliweka begi chini nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya Mbeya, akaniuliza hali ya kazi. Halafu akaingia ndani akatoka na kiti. Kiti, jamani. Kile cha kukunja wanachokalia wachungaji wakija kubariki nyumba. Mimi katika nyumba ile sijawahi kukalia kiti, mahali pangu ni kigoda cha jikoni pembeni ya mafiga. Akanikaribisha, "karibu mwalimu, upumzike." Akamchinja kuku. Maji ya kunawa akaninawisha yeye, amepiga goti, na nilipotaka kumpokonya birika akalishika kwa nguvu nisizojua amezitoa wapi. Ukitaka kujua umefukuzwa nyumbani kwenu, subiri siku utakayotendewa vizuri kupita kiasi.

Nikaomba msamaha, maneno niliyoyapanga njia nzima. Akasema hayana neno, mwalimu, watu hufananishwa. Nikampa khanga, akashukuru kwa mikono miwili. Nikamtafutia vidonge, nikavikuta kwenye mkebe, vya zamani na vipya vimechanganyika, nikaanza kuvipanga kwenye kisahani. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake na nilikuwa nimemkumbuka kuliko nilivyomkumbuka nikiwa Mbeya.

Chakula kikaletwa. Nikaonja mchuzi. Ulikuwa hauna chumvi kabisa, na bibi yangu hajawahi kusahau chumvi maishani mwake. Nikajikusanya. Nikasema, "Mke wangu, chumvi imepungua."

Alichambua mfupa wake mpaka ukawa mweupe.

"Mume wangu," akasema hatimaye, hanitazami, "angejua chumvi inakaa wapi."

Niliacha kile kiti cha wachungaji nikaingia jikoni. Nikafungua makopo yote, nikapapasa darini kwenye magunzi, nikachungulia nyuma ya mtungi, chini ya kapu, masizi yamenijaa mpaka masikioni, na yeye yuko nje ananisikia nikigongagonga masufuria wala hanisaidii. Sikuiona. Tukala hivyo hivyo. Kesho yake pia tukala hivyo hivyo, na wala sikwenda dukani kununua, kwa sababu hata mimi kwa ujinga wangu nilijua kwamba kununua chumvi siyo kujua inapokaa.

Tangu hapo nimeapa: mtu akisimama mbele ya watu akasema mimi ni wake, nitaitika kwanza, mambo ya ushahidi tutayaangalia baadaye. Ruhusa yangu ilikuwa ya siku mbili. Chumvi niliipata siku ya nne, na mahali ilipokuwa siwaambii, hayo ni mambo ya ndani, ya mtu na mke wake.